Mtakatifu Gregori Mkuu na Karama Ambayo Hakuitaka

Kila mwaka, tarehe 3 Septemba, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa na Mwalimu wa Kanisa. Waamini wengi wanamfahamu kwa zile Misa thelathini zinazotolewa mfululizo kwa ajili ya marehemu mmoja, ambazo kwa sababu yake huitwa Misa za Gregori. Wengine hulisikia jina lake wanakwaya wanapofundishwa nyimbo za Kigregoriani. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba mtu huyu, aliyekufa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, ndiye aliyeliachia Kanisa kitabu kinachojibu swali linalotusumbua hata leo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, katika Halmashauri za Walei na katika nyumba zetu za malezi: nani anafaa kuongoza, na mtu atajuaje kama Mungu amempa karama hiyo?

Swali hili si dogo. Kila unapofika wakati wa kuchagua viongozi wa Jumuiya, tunawaona watu wa aina mbili. Yupo anayekitaka kiti kwa nguvu zote, na machoni pake mwenyewe hakuna mwingine anayefaa. Yupo pia mwenye hekima, mwaminifu, anayesikilizwa na watu, ambaye jina lake likitajwa huinamisha kichwa na kusema kwamba hana nafasi, au kwamba yeye ni mtu wa kusali tu. Mara nyingi tunamlaumu wa kwanza na kumsifu wa pili kwa unyenyekevu wake. Maisha ya Gregori yanatufundisha kwamba wote wawili wanapaswa kujichunguza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa yule wa pili, na ilimgharimu machozi mengi kutambua kwamba kukimbia mzigo kunaweza pia kuwa namna ya kujipenda.

Mtoto wa nyumba kubwa katika mji uliokuwa ukianguka

Gregori alizaliwa Roma yapata mwaka 540, katika ukoo tajiri na wenye heshima. Babu yake wa kale alikuwa Papa Feliksi. Baba yake aliitwa Gordiano. Mama yake, Silvia, anaheshimiwa kama mtakatifu. Upande wa baba alikuwa na shangazi watatu waliojitoa kuishi maisha ya usafi wa moyo na sala nyumbani kwao. Wawili, Tarsila na Emiliana, walidumu hadi mwisho. Wa tatu, Gordiana, aliiacha njia hiyo akaolewa. Gregori aliwasimulia waamini habari hiyo katika mahubiri yake bila kuificha aibu ya familia. Alikwisha kuona tangu utoto kwamba nyumba moja na malezi yale yale hayazai watu wanaofanana, na kwamba kila roho ina njia yake na hatari yake.

Roma ya utoto wake haikuwa tena Roma ya makaisari. Makao ya Kaisari yalikuwa Konstantinopoli. Vita kati ya majeshi ya Kaisari na Wagothi viliupiga mji ule mara kwa mara, mifereji ya maji ikaharibiwa, na tauni ikapita. Mwaka 568 Walombardi waliingia Italia, wakateka miji na mashamba. Watu waliokimbia vita walijaa Roma wakitafuta mkate.

Kijana Gregori alisoma sarufi, ufasaha wa kusema na sheria, akaingia katika utumishi wa umma. Yapata mwaka 573, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alikuwa mkuu wa mji wa Roma, cheo cha juu kabisa cha kiraia mjini humo. Mikononi mwake yalikuwa mambo ya chakula, ulinzi na hukumu. Aliyaweza. Alijua kuhesabu, kupanga, kuandika amri iliyo wazi na kumwajibisha mtumishi mzembe. Kipaji hicho alikuwa nacho, na kila mtu alikiona.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Kwa muda mrefu alivutwa na maisha ya kimonaki, huku akijipa sababu za kuahirisha uamuzi. Baba yake alipofariki alikata shauri. Alitumia urithi wake kuanzisha monasteri sita huko Sisilia, na nyumba yao juu ya kilima cha Celio, Roma, akaigeuza kuwa monasteri ya Mtakatifu Andrea. Mtu aliyezoea mavazi ya hariri na vito alivaa kanzu ya mtawa na kuishi kwa mboga, sala na masomo ya Maandiko Matakatifu. Alifunga kupita kiasi hata akaliharibu tumbo lake, na maumivu hayo yalimfuata hadi kaburini. Lakini hadi uzeeni aliikumbuka miaka ile kama wakati wa furaha kuliko yote ya maisha yake.

Hapo ndipo Gregori alipoamini kwamba amejifahamu. Alijiona kuwa mtu wa ukimya na tafakuri, na shughuli za dunia kwake zilikuwa kama tope alilokwisha kuvuka. Kwa sehemu alikuwa sahihi, kwa kuwa kiu yake ya sala ilikuwa ya kweli. Lakini alidhani kwamba kile apendacho ndicho chote alichopewa. Vipaji vingine, vile alivyoviacha pamoja na mavazi ya hariri, alivihesabu kuwa vimekufa.

Kutolewa ukimyani

Kanisa halikuvihesabu hivyo. Gregori alipewa daraja la ushemasi, na yapata mwaka 579 Papa Pelagio wa Pili akamtuma Konstantinopoli awe mwakilishi wake mbele ya Kaisari. Alikaa huko miaka sita hivi. Hakukijua vizuri Kigiriki, na maisha ya ikulu hayakumpendeza. Alifuatana na baadhi ya ndugu zake watawa ili kati ya mikutano na karamu apate mahali pa kusali. Kwa ombi lao, na kwa kuhimizwa na Leander, aliyekuwa askofu wa Sevilla, alianza kuwafafanulia kitabu cha Ayubu. Mafafanuzi hayo yalikua hata kuwa kitabu kikubwa chenye sehemu 35.

Hapa tunaona jambo la kuzingatia. Kitabu kile hakikuandikwa katika utulivu wa Celio. Kilizaliwa katikati ya kazi asiyoipenda, katika mji wa ugenini, kwa sababu watu waliokuwa karibu naye waliona ndani yake mwalimu na wakamwomba awafundishe. Mara nyingi karama haitambuliwi na mwenye nayo akiwa peke yake chumbani. Hutambuliwa na wale wanaolishwa nayo.

Aliporudi Roma, yapata mwaka 586, aliingia tena monasterini kwa shukrani. Katika kipindi hiki lilitokea tukio linalotuonyesha upande mwingine wa tabia yake, na ambalo yeye mwenyewe amelisimulia. Mtawa mmoja aitwaye Justo, aliyekuwa na ujuzi wa utabibu na aliyekuwa amemuuguza Gregori mwenyewe, alikutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu, kinyume cha nadhiri ya kutokuwa na mali binafsi. Justo alikuwa kitandani akikaribia kufa. Gregori aliagiza ndugu wasimkaribie, na alipokufa azikwe katika lundo la samadi pamoja na sarafu zake. Ilikuwa adhabu kali, yenye kusudi la kumtubisha mgonjwa na kuwaonya wengine. Siku thelathini baadaye Gregori alianza kumhurumia sana ndugu yule aliyekufa. Akamwita msimamizi wa monasteri, akaagiza sadaka ya Misa itolewe kwa ajili ya Justo kwa siku thelathini bila kuacha hata moja. Siku zilipotimia, marehemu alimtokea ndugu yake wa damu, Kopioso, akamwambia kwamba sasa ni mzima.

Hiyo ndiyo asili ya Misa za Gregori. Sisi tunaopokea nia hizo maparokiani hatukumbuki daima kwamba zilianzia katika moyo wa kiongozi mkali aliyejifunza huruma. Gregori alikuwa na hulka ya ukali, ukali wa hakimu wa Kirumi aliyezoea sheria. Neema haikuifuta hulka hiyo; iliiongezea kitu kilichokosekana. Tutakiona kitu hicho kikikomaa katika mafundisho yake juu ya uchungaji.

Barua isiyofika

Mwishoni mwa mwaka 589 mto Tiber ulifurika, ukabomoa majengo na kuharibu maghala ya nafaka ya Kanisa. Baada ya mafuriko ikaja tauni. Mwezi Februari 590 Papa Pelagio mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo. Mapadre na watu wa Roma, kwa kauli moja, walimchagua Gregori.

Alishtuka. Kwa desturi ya wakati ule, Kaisari alipaswa kuuridhia uchaguzi, na Gregori akamwandikia Kaisari Maurisi akimsihi akatae. Mkuu wa mji aliizuia barua hiyo, akapeleka badala yake habari za uchaguzi pamoja na maombi ya watu. Wakati wakisubiri jibu, Gregori hakukaa bure. Aliwaita watu wote watubu, akapanga maandamano ya sala katika makundi saba, mapadre, watawa, wajane, watoto na walei wengine, kila kundi likitoka kanisa lake na yote yakikutana katika kanisa la Bikira Maria. Imeandikwa kwamba watu themanini walianguka na kufa katika maandamano hayo, naye hakuacha kuwahimiza watu wasali.

Tazameni fumbo la mtu huyu. Mkono mmoja unaandika barua ya kukataa uongozi, na mkono mwingine tayari unaongoza. Watu hawakuhitaji uthibitisho wa Kaisari ili kujua nani ni mchungaji wao. Walimwona katika siku ya tauni. Jibu lilipofika, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Roma tarehe 3 Septemba 590, na hiyo ndiyo sababu tunamkumbuka tarehe hiyo. Alikuwa mtawa wa kwanza kuketi katika kiti cha Mtakatifu Petro. Barua zake za miezi ya kwanza zimejaa maombolezo. Rafiki zake walipompongeza, aliwajibu kwamba wangempenda kweli wangemlilia.

Kitabu cha wachungaji

Askofu mmoja, Yohane wa Ravenna, alimkaripia kwa upole kwa sababu alijaribu kujificha ili asibebe mzigo. Gregori hakukasirika. Alijibu kwa kuandika kitabu kizima, kinachojulikana kama Kanuni ya Kichungaji, ambacho alikikamilisha mwanzoni kabisa mwa upapa wake. Ndani yake alieleza uzito wa uongozi unaomfanya mtu mwenye akili timamu aogope. Hata hivyo, alipokuwa akiandika, alijihukumu pia yeye mwenyewe.

Kitabu kina sehemu nne, na mpangilio wake peke yake ni mafundisho. Kwanza anauliza mtu anafikaje kwenye uongozi. Pili, akishafika aishi vipi. Tatu, anayeishi vema afundishe vipi. Nne, anayefundisha vema airudie vipi nafsi yake kila siku na kuutambua udhaifu wake.

Katika sehemu ya kwanza anawaonya wanaokimbilia madaraka. Anayetamani ukubwa, asema, huujaza moyo wake picha za mambo makuu atakayoyatenda, wala hajui kwamba akili inajidanganya yenyewe. Kinachopendwa ni heshima, na kazi njema ni kisingizio. Dawa anayotoa ni rahisi: mtu huyo ayatazame maisha yake ya nyuma. Aliyekuwa mwenye kiburi akiwa chini hatajifunza unyenyekevu akiwa juu. Asiyetoa kidogo alichonacho hatakuwa mkarimu akipata kingi. Bahari ikitulia hata asiyejua kazi aweza kushika usukani. Nahodha hujulikana siku ya dhoruba.

Papo hapo anawageukia wale wanaokimbia. Wapo waliojaliwa vipaji vikubwa, usafi wa maisha, elimu, uvumilivu, upole, ambao wakiitwa kuwasaidia wengine hukataa kwa sababu wanaupenda utulivu wao. Hawa, asema Gregori, wanavikosa vipaji vile vile, kwa sababu hawakupewa kwa ajili yao peke yao. Mwana wa Mungu mwenyewe alitoka kifuani mwa Baba ili atufae. Anayependa faragha yake kuliko wokovu wa jirani atatoa hesabu kwa wale wote ambao angeweza kuwasaidia akawepo kati yao.

Je, tuseme basi kwamba kila anayesita amekosea? Gregori hasemi hivyo. Anawaweka mbele yetu manabii wawili. Isaya alijitolea mwenyewe atumwe. Yeremia alisita, akasema kwamba yeye ni mtoto tu. Tabia zao zilitofautiana, lakini chemchemi ilikuwa moja, nayo ni upendo. Mmoja alitaka kuwafaa watu kwa kazi, mwingine alitaka kudumu katika kumpenda Mungu kwa ukimya. Isaya alikuwa ametakaswa kwanza kwa kaa la moto kabla ya kujitolea. Yeremia hakung'ang'ania kukataa baada ya Mungu kusema mara ya pili. Hiki ndicho kipimo tunachoweza kukitumia hata sisi. Kusita mwanzoni kwaweza kuwa unyenyekevu, lakini kuendelea kukataa wakati mapenzi ya Mungu yamekwisha kuonekana ni ukaidi.

Sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, nayo inamfunua mtu aliyewachunguza wanadamu kwa makini kuanzia katika mahakama, ikulu na monasteri. Anaorodhesha jozi 36 za watu wenye hali na tabia zinazopingana, na kwa kila jozi anaeleza namna ya kusema nao: vijana na wazee, maskini na matajiri, wachangamfu na wenye huzuni, wenye haya na wasio na haya, wanyamavu na wasemaji, wavivu na wenye haraka, wapole na wenye hasira, wakaidi na wanaoyumba. Neno linalomponya mmoja laweza kumjeruhi mwingine, kama vile jani fulani hulisha mnyama huyu na kumuua yule. Kwa hiyo mchungaji anafundisha imani iliyo moja, lakini haongei na wote kwa namna moja.

Huyu ndiye yule yule aliyeamuru Justo azikwe kwenye samadi. Sasa anafundisha kwamba mpole anahitaji kuonywa asije akawa mzembe, na mwenye hasira anahitaji kuonywa asije akauita ukali wake bidii kwa ajili ya haki. Kila hulka ina wema wake na jirani mbaya anayefanana nao. Mtu asiyeijua hulka yake humkaribisha jirani huyo ndani akidhani ni ndugu.

Vipaji vya kale vyarudi kazini

Miaka 14 ya upapa wake inaonyesha jinsi Mungu asivyopoteza kitu. Ujuzi aliouona kama mabaki ya dunia ulirudi, safari hii ukiwa mikononi mwa mchungaji. Kanisa la Roma lilikuwa na mashamba makubwa, hasa Sisilia, na mapato yake yaliwalisha maskini. Gregori alisoma hesabu zake mwenyewe. Aliwaandikia wasimamizi juu ya bei ya nafaka, juu ya wakulima waliolazimishwa kutoa nafaka kwa pishi kubwa kuliko ya halali, na juu ya wale walioingia mikononi mwa wakopeshaji kabla ya mavuno. Akaagiza udhulumati huo ukome na wakulima wakopeshwe kutoka mfuko wa Kanisa. Majina ya waliokuwa wakipewa chakula na fedha yaliandikwa katika kitabu kikubwa kilichohifadhiwa Laterano, ambacho kilionekana hata karne mbili na zaidi baadaye.

Zimetufikia barua zake zaidi ya 800, na ndani yake tunamkuta pia mtu wa mzaha. Alimlalamikia msimamizi wake wa Sisilia kwamba amemletea farasi mmoja mbovu na punda watano wazuri. Farasi hawezi kumpanda kwa kuwa ni mbovu, na punda hawezi kuwapanda kwa kuwa ni punda. Utakatifu haukumnyang'anya kicheko.

Walombardi walipoizingira Roma mwaka 593 hapakuwa na kiongozi wa serikali aliyekuja kuuokoa mji. Gregori alikuwa akiwahubiria watu juu ya kitabu cha nabii Ezekieli; akalazimika kuyaacha mahubiri na kushughulikia ulinzi, mishahara ya askari na mazungumzo na mfalme Agilulf. Alitafuta amani kwa bidii hata Kaisari akamdhihaki kwa kumwita mtu asiyejua mambo. Pamoja na hayo alishika njia hiyo, na kwa urafiki wake na Malkia Theodelinda, aliyekuwa Mkatoliki, mlango wa upatanisho ulifunguka taratibu.

Alijua pia kutambua karama za wengine. Mwaka 596 aliwatuma watawa wa monasteri yake Uingereza wakiongozwa na Agostino. Njiani, huko Galia, waliingiwa na hofu ya nchi wasiyoijua na lugha wasiyoielewa, wakamrudisha Agostino Roma kuomba waruhusiwe kurejea. Gregori hakumwondoa Agostino kwa sababu ya woga huo. Alimpa mamlaka zaidi kwa kumfanya abati wao, akampa barua za kuwaombea msaada kwa maaskofu na wafalme wa njiani, akamrudisha kazini. Mwaka 597 walifika Kent, na mfalme Ethelbert akabatizwa. Baadaye, habari za miujiza zilipofika Roma, Gregori alimwandikia Agostino furaha yake pamoja na onyo asijivune, kwa kuwa alijua kwamba mtu aliyekuwa mwoga jana anaweza kulewa sifa leo. Na kwa wamisionari wale wale aliagiza mwaka 601 kwamba mahekalu ya Waingereza yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, majengo yabarikiwe, ili watu wamjue Mungu wa kweli mahali walipopazoea. Ni onyo na hekima ile ile ya sehemu ya tatu ya kitabu chake, sasa ikitumika kwa taifa zima.

Mwili dhaifu, nafsi iliyofahamika

Tusidhani kwamba alifanya yote haya akiwa na afya. Tumbo lilimsumbua, homa zilimrudia, na miaka ya mwisho jongo lilimfunga kitandani. Mwaka 600 alimwandikia rafiki yake, Patriarka wa Aleksandria, kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa akiamka kwa shida kwa saa tatu tu katika sikukuu ili aadhimishe Misa. Sauti yake ilikuwa hafifu. Kati ya mahubiri yake 40 juu ya Injili, nusu ya kwanza aliyatunga yakasomwa na karani, naye akaketi akiwasikiliza watu wanavyoyapokea. Baadaye, alipoona kwamba watu hawasikilizi vizuri maneno yanayosomwa na mwingine, alijikaza akasema nao mwenyewe. Alikubali kipimo cha nguvu zake bila kukifanya kisingizio.

Hakuacha kamwe kuutamani ukimya wa Celio. Tamaa hiyo haikuondolewa, nasi tusiahidiane kwamba mtu akiitikia wito wake atapenda kila kilichomo. Lakini tafakuri aliyoilinda alfajiri ndiyo iliyoufanya utawala wake uwe wa kibaba, na utawala ndio uliozuia tafakuri yake isiwe anasa. Alifundisha kwamba Musa aliingia hemani kumwona Mungu, kisha akatoka kubeba mizigo ya watu, na akirudi ndani aliingia na mizigo hiyo. Katika barua zake alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, na Mapapa wote wameirithi sahihi hiyo hadi leo.

Gregori alifariki tarehe 12 Machi 604, akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Kanisa linamhesabu kati ya Walimu wanne wakuu wa Magharibi, pamoja na Ambrosi, Agostino na Jeromu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kigiriki angali hai. Katika karne ya tisa mfalme Alfred wa Uingereza alikitafsiri kwa lugha ya watu wake, na kwa karne nyingi maaskofu walikisoma kama kioo cha daraja lao.

Kwa ajili yetu

Tunabaki na maswali ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyapeleka mbele ya Ekaristi Takatifu kabla ya kukubali au kukataa utume. Ni kazi gani ambayo watu huniomba bila mimi kuitafuta? Ujuzi wangu wa shambani, dukani, ofisini au darasani nimeuacha mlangoni mwa kanisa, nikidhani Mungu hauhitaji? Hulka yangu, iwe ya ukali au ya upole, ya maneno mengi au machache, inawasaidia nani, na imewahi kumuumiza nani? Ninapotaka uongozi, maisha yangu ya nyuma yanashuhudia nini? Na ninapokataa, je, ni Yeremia anayesema ndani yangu, au ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu?

Tusijibu maswali haya peke yetu. Gregori hakujitambua peke yake. Alitambuliwa na ndugu waliomwomba awafundishe, na askofu aliyemkaripia, na watu wenye njaa waliomchagua. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo anatukumbusha kwamba karama ni nyingi na Roho ni yule yule, na kila mmoja hupewa kwa faida ya wote. Jumuiya inayojua kuwaambia wanajumuiya wake kwa upendo kile inachokiona ndani yao, mazuri na yanayohitaji kurekebishwa, inafanya kazi ya Roho Mtakatifu.

Katika mistari ya mwisho ya kitabu chake, Gregori anajifananisha na mchoraji mwenye sura mbaya aliyechora picha ya mtu mzuri, akamwomba rafiki yake amshike kwa sala zake ili asizame wakati akiwaelekeza wengine pwani. Nasi tuwaombee viongozi wetu, makatekista wetu na wote watakaoitwa mwaka huu kubeba mzigo wa wenzao, ili kila mmoja akitambue alichopewa na kukitoa.

Mtakatifu Gregori Mkuu, utuombee.